Vijiko Vitatu vya Maji Matupu

Kila Jumatatu, kabla hajavua ndala na kuvaa viatu vya kazi, Dada Chupa alikwenda kwanza kuwatazama wale wa kijani. Walikaa kwenye chupa kumi na mbili za kioo, rafu mbili, chini ya taa ndefu nyeupe. Kila chupa ilizibwa kwa pamba, na mrija mwembamba ulipita katikati ya pamba ukipuliza mapovu ndani. Pampu yenyewe ilikuwa ile ya tangi la samaki. Ilifungwa kamba isitembee juu ya meza, na ilikoroma mchana kutwa kama mtu mwenye mafua.

"Haya, mmeamkaje?" aliwauliza.

Mapovu yakapanda. Hayo ndiyo yalikuwa majibu yao.

Jina la Dada Chupa alipewa na mlinzi wa getini, maana kazi yake ilikuwa kuosha chupa. Shule aliishia darasa la saba. Pale kituoni aliingia na ufagio, akafagia miezi minne, mpaka siku moja Daktari akamkuta anasugua shingo ya chupa ambayo hakutumwa kuisugua, akaiinua kwenye mwanga, akakosa hata alama ya kidole. Kesho yake ufagio akapewa mwingine. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu yupo kwenye sinki. Mikono ilikuwa imemkauka ikapasuka pembeni mwa kucha, na akikamua limau nyumbani ilibidi aume meno.

Daktari mwenyewe hakuwa daktari wa watu. Jambo hilo lilikuwa limemchosha kulieleza. Haikupita wiki bila mtu kumvizia koridoni amwonyeshe goti lake linalouma.

"Mimi ni daktari wa vijidudu," alimwambia mlinzi.

"Basi hata mimi ninavyo, mama. Nipimie."

Vijidudu vya Daktari vilikuwa bakteria wanaokula mwanga. Aliwatoa kwenye bwawa la kuvunia chumvi, mahali ambapo maji yalikuwa makali kiasi kwamba jani likidondokea humo linakunjamana kama limepitiwa na moto. Wao walikuwa wakiishi humo, kijani kibichi, kana kwamba hakuna lililotokea. Baadaye bwawa lile lilifukiwa kwa kifusi, likajengwa ghala la mabati juu yake. Daktari alirudi mara mbili na chupa zake, mara zote mbili akasimama kwenye sakafu ya saruji. Kwa hiyo waliobaki duniani, kwa kadiri alivyojua yeye, walikuwa kwenye zile rafu mbili.

Siku moja wakinywa chai, kila mtu amekalia ndoo yake iliyopinduliwa, Dada Chupa aliuliza.

"Kwani hawa hawausikii ukali wa chumvi?"

"Wanausikia sana," Daktari alisema. Alikuwa na macho mekundu. Usingizi kwake ulikuwa mgeni. "Fikiria nyumba iliyoingiliwa na mafuriko. Chumvi inapita mlangoni kila dakika. Wao wamesimama hapo na ndoo, ikiingia wanaitoa, ikiingia wanaitoa. Hawakai chini. Hilo moja. La pili, chumvi iliyo nje inayavuta maji yao ya ndani, inataka kuwakausha kama samaki wa kuanikwa. Basi wanajitengenezea ndani kitu cha jamii ya sukari, wanakijaza tele, kiyashike maji yasitoke."

"Sukari wanaitoa wapi?"

"Kwenye mwanga. Wanapika wenyewe."

Dada Chupa akazungusha kikombe chake. "Kwa hiyo mwanga wote wanaokula unaishia kwenye kutoa chumvi na kupika sukari."

"Karibu wote."

"Na wao wenyewe wanabakiwa na nini?"

Daktari akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Wanabakiwa na kesho, mdogo wangu."

Maneno hayo Dada Chupa aliondoka nayo. Yalimrudia alfajiri kwenye foleni ya maji, yalimrudia akimgeuza mama yake kitandani kumbadilishia shuka, yalimrudia barabarani akitembea kwenda kazini na vidole vya miguu vimekufa ganzi kabla siku haijaanza. Hakuyasema kwa mtu. Angemwambia nani kwamba kuna vijidudu anavionea huruma?

Kazi ya kuwatunza ilimwangukia Dada Chupa baada ya Fundi Mizani kuhamishwa. Huyo alikuwa mzee mkavu wa maneno, ndiye aliyekuwa akipima chumvi na kuchanganya maji yao. Alipoondoka hakuletwa mwingine. Daktari akabeba kazi ya kuchanganya, na Dada Chupa akapewa ya kujaza, kwa sababu maji ya kwenye chupa yalikuwa yakipungua. Mapovu yaliyapeleka hewani kidogo kidogo kupitia kwenye pamba.

"Unauona huu mstari wa wino?" Daktari alimwonyesha. "Maji yakishuka chini yake, jaza mpaka yaufikie. Kila Jumatatu. Basi."

Hakusema ajaze kwa maji gani. Na Dada Chupa hakuuliza, kwa sababu alijua. Wiki yake ya kwanza pale sinkini alinyoosha mkono achukue chupa yenye kijani ndani aisuuze kwa maji ya bomba, Daktari akamdaka kiganja kwa nguvu mpaka akastuka. "Hao maji matupu usiwape kamwe! Kwao ni sumu!" Neno hilo lilimkaa kama chanjo. Hata masalia yaliyobaki chini ya chupa chafu alijionea mwenyewe yanavyokuwa maji ya bomba yakiyagusa: kijani kinazama chini kama matope, na maji yanageuka buluu nyepesi, ile buluu ya kufulia mashuka meupe. Buluu hiyo ilikuwa damu yao, alijiambia. Wamepasuka.

Kwa hiyo kila Jumatatu alichukua jagi la maji ya chumvi, yale yale yaliyochanganywa na Daktari, sehemu kumi na mbili za chumvi katika mia, akazijaza chupa moja baada ya nyingine hadi mstarini. Kama nusu kikombe kila chupa. Mkono wake haukutikisika. Hakuwahi kuvusha mstari hata kwa unene wa unywele. Miezi mitano alifanya hivyo, na kama kuna kitu pale kituoni alichokuwa akikionea fahari, kilikuwa hicho.

*

Mwezi wa nne wa kujaza huko, walianza kupauka.

Aliyeona kwanza ni yeye. Kijani kilikuwa kimeingiwa na umanjano, kama jani la mgomba linaloanza kuchoka ukingoni, na shingoni mwa chupa palikuwa na ukoko mweupe mgumu ambao zamani haukuwapo. Alimwambia Daktari. Daktari alitazama, akapima wingi wao kwa mashine yake, akaandika namba, akafuta, akaandika tena.

"Hawaongezeki," alisema. "Wanakula mwanga ule ule, hewa ile ile, chumvi ile ile. Hawaongezeki."

Kipimo cha chumvi kilikuwapo kituoni, kimoja tu, kijimrija cha kuchungulia kama darubini: unaweka tone, unaelekeza dirishani, unasoma. Lakini kiliazimwa na chumba cha tatu tangu enzi za Fundi Mizani, na kila Daktari alipokumbuka kukidai alikuta mlango umefungwa. Akaacha. Ya nini kupima chumvi aliyoipima mwenyewe kwenye mizani?

Kisha Mkuu wa kituo akaja. Alikuwa mtu mpole, anayesema mambo magumu huku ameshika kitasa cha mlango.

"Daktari, mwisho wa mwezi naomba unionyeshe namba. Zikiwa nzuri, baki. Zikiwa kama hizi za sasa, chumba kina watu wanakisubiri."

"Hizi chupa haziwezi kuzimiwa taa, Mkuu. Hakuna pengine pa kuwapata."

"Ndiyo maana nimekupa mpaka mwisho wa mwezi."

Mkuu alipokwenda, Daktari alikaa kwenye ndoo yake muda mrefu. Dada Chupa aliendelea kusugua chupa iliyokwishatakata.

"Wamechoka," Daktari alisema mwishowe, kama anayemsemea mgonjwa. "Wamekaa kwenye chumvi kali miaka sita. Nitawapumzisha. Ijumaa nitawahamishia kwenye chumvi ya nusu yake, sehemu sita. Zamani nilishawahi kuwashusha hivyo, wakafurahi, wakanawiri kwa wiki moja."

"Wote?"

"Nitaanza na wanne."

*

Alhamisi jua halijazama bado, Dada Chupa alikuwa nyumbani anapasha maharage ya jana. Mama yake alikuwa na presha, na chumvi aliruhusiwa ya kunusa tu. Kwa hiyo maharage yalipikwa kwa chumvi ya kudonoa kwa vidole viwili, na mama alikuwa akiyalalamikia tangu mwaka juzi kwamba yana ladha ya sufuria.

Leo alionja kijiko kimoja, akakirudisha.

"Mwanangu, unataka kunizika?"

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Chumvi hii yote!"

"Sijaongeza. Haki ya Mungu. Ni yale yale ya jana, uliyoyasema yana ladha ya sufuria."

"Umeyapasha mara ngapi?"

"Jana jioni, asubuhi, na sasa."

"Na mchuzi uko wapi?" Mama aliinamisha bakuli. Mchuzi ulikuwa umebaki mzito pembeni. "Wewe umesoma mpaka la saba, mimi sikusoma, lakini sufuria naijua. Maji yanapanda na mvuke yanakwenda zake. Chumvi haina mabawa. Inakaa pale pale inakusubiri. Ongeza maji, ndiyo dawa yake."

"Nikiongeza maji ya chumvi je?" Dada Chupa aliuliza. Swali lilimtoka kabla hajajua ameliuliza.

Mama akamtazama kama anayetazama mtu aliyepatwa na homa. "Kwenye mchuzi uliokwisha kuwa na chumvi? Nani mwenye akili zake atafanya hivyo?"

Dada Chupa akaweka mwiko chini. Akaketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nusu kikombe, kila Jumatatu, miezi mitano. Ukoko mweupe kwenye shingo za chupa. Kila yalipopanda maji, chumvi ilibaki, na juu yake yeye akaleta nyingine, kwa mkono usiotikisika.

"Una nini?"

"Nimechoka tu, mama."

"Kuchoka kwako hakuna likizo. Leta maji basi, nile."

*

Asubuhi alitoka nyumbani amejiapiza kwamba atasema akivuka tu kizingiti. Getini mlinzi akamzuia.

"Dada Chupa, leo umenuna. Umevunja?"

"Afadhali ningevunja."

"Ukivunja unakatwa. Usipovunja wanakuongezea za kuosha. Kazi gani hii!"

Alipofika chumbani Daktari alikwishaanza. Alikuwa amevaa koti jeupe juu ya nguo za jana. Chupa nne zilikuwa zimeteremshwa; kijani chake kilikuwa kimekusanywa chini kwa mashine ya kuzungusha, na maji yao ya zamani yalikuwa yamemwagwa kwenye ndoo. Pembeni chupa nne mpya zilingoja na maji ya chumvi ya nusu.

"Umekuja wakati mzuri," Daktari alisema. "Nishikie hii."

Dada Chupa akaishika. Akafungua mdomo. Aliona jinsi itakavyokuwa: miezi mitano ya namba za Daktari itupwe, na Mkuu ashike kitasa cha mlango aseme kwa upole kwamba mtu wa darasa la saba hakupaswa kugusa chupa zile. Angemwaga unga, na kwao hapakuwa na mwingine anayeleta unga. Dawa za mama zilikuwa za kila siku. Akaufunga mdomo.

Labda si kitu, alijiambia. Labda wataona raha kweli. Wanapewa nafuu, nafuu inaweza kumuua nani?

Daktari akamimina wale wa kijani katika chupa ya kwanza mpya. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Wakatawanyika majini kama moshi, wazuri kwa macho.

"Haya," akasema, akanyoosha mgongo. "Pumzikeni."

Dada Chupa alizichukua chupa nne tupu na ile ndoo akaenda sinkini. Alipoimwaga ndoo, ndani yake chini palibaki masalia kidogo. Alifungua bomba. Buluu ikaja, lakini haikuwa ile buluu hafifu ya zamani, ambayo ilibidi uiinamie ndipo uione. Ilikuja mara moja, nzito, ikazunguka sinki zima kabla ya kushuka kwenye tundu. Akakumbuka kwamba wiki hizi za mwisho ilikuwa ikizidi. Aliiona kila wiki akaisuuza, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusuuza.

Alisimama pale maji yakitiririka. Akaanza kuwaza polepole, kama anayetembea gizani akipapasa ukuta. Chumvi ya nje ilipanda, nao wakajaza sukari zaidi ndani ili maji yao yasiwatoke. Chumvi ilipanda tena, wakajaza tena. Sasa wamejaa mpaka pomoni. Na leo nje pamekuwa pepesi ghafla. Maji yote yale yatakimbilia wapi? Yatakimbilia ndani, kwenye sukari. Na ukuta wa mdudu asiyeonekana kwa macho una unene gani?

Alifunga bomba, akarudi chumbani bila kukausha mikono.

Daktari alikuwa ameipa rafu mgongo, ameinama juu ya mashine, na chupa ya tano mkononi; alikuwa ameamua kuendelea na wengine. Zile nne mpya zilikuwa zinapuliza mapovu chini ya taa. Maji yake yalikuwa yameanza kuingia rangi, juu kabisa, karibu na mstari. Mtu asiyeosha chupa asingeiona.

"Daktari, usimimine."

"Nini?"

"Wanapasuka. Tazama juu, hapo penye mwanga. Hiyo buluu."

Daktari akageuka. Alitazama. Mwanzo hakuona, kisha akaona, na uso wake ukawa kama nguo iliyokamuliwa.

"Haiwezekani. Kutoka kumi na mbili kwenda sita wanavumilia. Nimeshafanya."

"Haikuwa kumi na mbili."

Pampu ilikoroma. Dada Chupa alijikaza kisabuni, akasema yote kwa pumzi moja: jagi, mstari, Jumatatu, nusu kikombe, maharage ya mama, chumvi isiyo na mabawa. Alisema pia kwamba alijua tangu jana jioni. Hilo ndilo lililomchoma kulitamka. "Nilikuja nikuambie. Nikakuona unamimina, nikaogopa. Hawa wanne ni wangu."

Daktari aliweka chupa ya tano mezani, taratibu, kama imejaa mayai. Akatoka. Dada Chupa alisikia hatua zake zikienda chumba cha tatu, akasikia mlango ukigongwa, ukigongwa tena, kisha ukipigwa kwa kiganja. Sauti ya mwanamume ikasema "Jamani, si uombe tu kwa amani!" Daktari akarudi na kipimo mkononi, kina vumbi.

Aliweka tone kutoka chupa ya tano, akaelekea dirishani, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo. Akapangusa, akaweka tone kutoka chupa ya sita.

"Ishirini na nne," alisema. "Hii nayo, ishirini na nne."

Alikaa kwenye ndoo. Dada Chupa akangoja kufukuzwa. Alikwishaanza hata kuwaza koti lake la kazi atalikunja alikabidhi kwa nani.

"Mara mbili," Daktari alisema. "Miezi mitano wanapandishiwa, nao wanajaza ndoo, wanatoa, wanapika sukari, wanatoa. Ndiyo maana hawakuongezeka. Wangeongezeka saa ngapi?" Akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Dada Chupa alidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha puani, ila mara hii kilikawia kuisha na mwisho wake haukuwa kicheko. "Na mimi nikasema wapumzike. Wamechoka, nikasema, wapumzike."

"Nisamehe, Daktari."

"Nani alikwambia ujaze kwa maji gani?"

"Hakuna."

"Mimi nilikudaka mkono nikakwambia maji matupu ni sumu. Nakumbuka. Nilikuumiza." Aliinua uso. "Jana jioni ungeweza kunipigia simu."

"Ningeweza."

"Asubuhi ungeweza kusema."

"Ndiyo."

"Hilo nimelikasirikia. Nikipata nguvu nitalikasirikia vizuri. Sasa hivi sina." Akajipangusa kwa mkono wa koti. "Umejuaje hiyo buluu?"

"Naiona kila wiki sinkini. Wiki hizi imezidi."

"Na hukusema?"

"Nilidhani ni uchafu tu umezidi. Kazi yangu ni uchafu."

Walitazama chupa nne rafuni. Kufikia saa sita mchana zote nne zilikuwa buluu, nzuri mno, safi mno, na chini yake matope ya manjano. Dada Chupa ndiye aliyezimwaga. Alisimama mpaka tone la mwisho likashuka.

*

Wale wanane waliobaki waliteremshwa kama mtu anavyoteremshwa ngazi baada ya kuugua. Daktari alinunua madumu angavu ya maji ya kunywa, ya lita tano, akawahamishia humo na maji yao makali yale yale. Kila asubuhi Dada Chupa aliongeza kwa kila dumu vijiko vitatu vikubwa vya maji matupu. Siku arobaini, Daktari alipiga hesabu, ndipo watafika kumi na mbili. Haraka zaidi ya hapo, hapana.

Asubuhi ya kwanza mkono wake ulitikisika. Miaka mitatu alikuwa ameambiwa maji haya ni sumu. Alimimina kijiko cha kwanza akakimbilia kutazama juu, penye mwanga. Hakuna buluu. Cha pili. Akangoja. Cha tatu.

"Wanafanya nini sasa humo ndani?" alimwuliza Daktari.

"Wanaitoa sukari nje kidogo kidogo. Waliijaza kwa shida, wanaiachia kwa shida."

"Hata kupumzika ni kazi."

"Kwao, ndiyo."

Siku ya kumi na tisa ilikuwa mwisho wa mwezi. Mkuu alikuja, akashika kitasa. Daktari alimpa karatasi moja, ameandika yote kama yalivyokuwa, na mwisho wake kwamba namba za miezi mitano zitupwe. Mahali pa kutaja kosa la nani alikuwa ameandika: la msimamizi. Mkuu alisoma, akaangalia madumu ya plastiki, akamwangalia Dada Chupa, akarudi kwenye karatasi.

"Namba hakuna, basi."

"Hakuna," Daktari alisema.

"Pole sana, Daktari."

Wiki ile ile chumba kilichukuliwa. Wenyewe wapya walileta makabati yao na redio. Daktari alipewa meza kwenye ukumbi, karibu na mlango unaojipiga wenyewe kwa upepo. Madumu hayakuwa na pa kwenda mpaka Dada Chupa aliposema kwamba kule anakooshea chupa kuna dirisha kubwa, na juu ya sinki kuna ubao ambao hauwekwi kitu isipokuwa sabuni. Mlinzi alisaidia kubeba.

"Haya ndiyo mliyoyalilia?" aliuliza, amekumbatia dumu moja kifuani. "Mbona kama maji ya bwawa la bata?"

"Tembea taratibu," Dada Chupa alimwambia.

"Natembea. Hata mama yangu sikuwahi kumbeba hivi."

Taa iliwafuata moja tu. Pampu ikafungwa kamba upya. Madumu mawili hayakufika siku ya arobaini. La tano na la nane yalizidi kuwa manjano mpaka yakawa maji tu, na Daktari akasema labda walikwishafika mwisho wao kabla hawajaanza kuteremshwa. Hakusema kwa sauti ya kufariji, alisema kama mtu anayesoma orodha. Wakabaki sita.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumanne. Hakuna aliyekuja kuiona. Daktari alipita asubuhi na kipimo, ambacho siku hizi alikificha kwenye mkoba wake, akaweka tone, akaelekea dirishani.

"Kumi na mbili na kitu," alisema. Aliketi kwenye ndoo, akaegemeza kichwa ukutani, na kabla chai haijapoa alikuwa amelala, mdomo wazi, kalamu mkononi.

Dada Chupa hakumwamsha. Alipunguza bomba likawa linachuruzika tu, akasugua chupa za watu wa redio bila kuzigonganisha. Juu ya sinki, wale sita walikuwa na kijani, si kile cha zamani, lakini kijani. Alitazama mistari. Alikuwa ameichora upya mwenyewe, kwa wino. Kwenye dumu la pili maji yalikuwa yameshuka chini kidogo.

Alichukua kijiko. Akakinga maji matupu, akayatazama kwenye mwanga kwa mazoea, akaongeza kimoja, na kingine nusu, mpaka mstarini. Kisha akasimama pale na kijiko kitupu, mikono ikimwasha, akingoja kuona kama kuna buluu.

Alingoja mpaka Daktari akageuza shingo usingizini. Hakukuwa na kitu.

Akarudi kwenye chupa.